Makabati Mawili ya Jamhuri ya Kijito

Kwanza niseme wazi nisije nikaeleweka vibaya: naipenda nchi yangu Kijito, naupenda Mfumo wetu wa Taifa, na hata huu mlango uliotufungia humu ndani ni mlango mzuri sana. Una vioo. Una bendera. Ukiugusa unaimba wimbo wa taifa, na lazima usimame wima mpaka uishe. Kasoro yake ni ndogo tu. Haufunguki.

Mi nilikuja asubuhi hapa Jumba la Mfumo kuchukua hati ya ukaazi, ile karatasi inayothibitisha kwamba unaishi pale unapoishi. Nikasimama wima, nikaimbiwa, nikaingia, nikapanga foleni kama mtu mwenye akili zake. Ukumbi ulikuwa umejaa. Mlango ukajifunga nyuma ya mama mmoja mwenye mkoba mwekundu, na mpaka saa hii tunamwangalia vibaya kana kwamba yeye ndiye aliyeufunga.

Ngoja niwaeleze nyie ambao hamjawahi kufika Kijito, maana mtadhani sisi ni watu wa ajabu.

Jirani yetu ni nchi moja kubwa inaitwa Chemchemi. Watu wa Chemchemi wanaandika mfumo wa kompyuta, halafu wanaugawa bure kwa anayetaka. Sisi tunautaka. Lakini hatuigi, tafadhali! Sisi tunavisha. Tuna wizara nzima, Wizara ya Kuvisha. Kila apdeti ikitoka Chemchemi inapokelewa, linafutwa neno Chemchemi linaandikwa Kijito, rangi ya bluu inageuzwa kijani, milio inatolewa unawekwa wimbo wa taifa, na pembeni pale inakaa picha ya Mheshimiwa Waziri Ndimbo akiwa anatabasamu. Kisha redioni wanatangaza kwamba wataalamu wetu wamebuni. Injinia Pandu, Mvishaji Mkuu wa Taifa, ana nishani kifuani kwa ajili ya kile kijani peke yake.

Sasa ndani ya huo mfumo kuna makabati mawili. Si ya mbao, yako ndani ya kompyuta, ni mahali programu zinapowekwa: ya kuchapa vyeti, ya kupiga picha, ya kufungua milango. Kwa nini mawili? Eti zamani huko Chemchemi kabati la kwanza lilijaa, wakaongeza la pili. Basi, hakuna siri nyingine. Lakini sisi tulipoyapokea tukaona si heshima kabati kukaa bila mkubwa wake. Kabati Dogo likapewa Mkurugenzi, Dokta Lwitiko. Kabati Kuu likapewa Mkurugenzi, Bi. Nyamizi. Kila mmoja na gari, dereva, na mtu wa kumbebea faili. Wakikutana kwenye ngazi, mmoja anaangalia ukuta na mwingine anaangalia viatu vyake.

Mwezi uliopita Chemchemi wakatoa taarifa fupi kama ujumbe wa mtu aliyeishiwa vocha: "Tumeyaunganisha makabati. Vyote sasa viko Kabati Kuu."

Weeee! Nchi haikulala.

*

Dokta Lwitiko alipanda kwenye televisheni akiwa ameshika kitambaa cha jasho. "Leo wanatuambia tuhamishe kabati," akasema. "Kesho watatuambia tuhamishe makaburi ya babu zetu!" Studio nzima makofi. Halafu akaongea jambo la maana kabisa, akasema kuna programu zilizoandikwa na vijana wetu hapahapa, na hizo zinajua njia ya Kabati Dogo tu. Ukilifuta, zitabaki zinazunguka kama mgeni aliyepewa ramani ya mtaa mwingine.

Bi. Nyamizi akamjibu hapohapo. "Sawa, tusihame. Lakini kila apdeti itakayotoka Chemchemi kuanzia leo itakuja inajua vitu viko Kabati Kuu. Nani atakaa chini aibadilishe moja baada ya nyingine, mwaka hata mwaka? Wewe, Daktari? Wewe hata simu yako anakuwashia dereva!"

Mi nilikuwa naangalia kibandani kwa kinyozi. Niliona wote wawili wamesema kweli, nikawapigia makofi wote.

Mheshimiwa Ndimbo akaunda Kamati ya Maridhiano, yeye mlezi, na Mwenyekiti mmoja mnene mpole ambaye jina lake halijawahi kuhitajika. Kamati ikakaa, ikanywa chai, ikatoka na uamuzi ambao hakuna nchi nyingine duniani ingeuweza. Hakuna mshindi, hakuna mshindwa. Ndani ya Kabati Dogo kitawekwa kibao: *Tumehamia Kabati Kuu.* Ndani ya Kabati Kuu kitawekwa kibao: *Tumerudi Kabati Dogo.* Wakurugenzi wote wanabaki. Magari yanabaki.

Nasikia Injinia Pandu alinyoosha mkono akauliza, "Na programu zenyewe tuziweke wapi?"

Waziri akamwambia, "Injinia, hayo ni mambo ya utekelezaji."

Utekelezaji umefanyika leo asubuhi, mi nikiwa nimebakiza watu wachache kufika dirishani.

*

Kwa hiyo sasa ukiugusa mlango unaimba, tunasimama, unamaliza, halafu sauti ya dada mmoja laini kabisa inasema: "Mpendwa mwananchi, ufunguo wako uko Kabati Kuu. Tunaufuata." Tunasubiri. "Mpendwa mwananchi, ufunguo wako umerudi Kabati Dogo. Tunaufuata." Tunasubiri. "Mpendwa mwananchi, ufunguo wako uko Kabati Kuu..." Yule dada hachoki, hakasiriki, wala hashangai kwamba tumeonana naye sasa hivi.

Madirisha yana nondo, tuliziweka kuzuia wezi. Na kusema kweli hakuna mwizi aliyewahi kuingia.

Watu wengi humu tulitulia tu. Mwingine akalala kwenye benchi, mwingine akaanza kuuza karanga alizokuwa anapeleka kwao. Aliyeshindwa kutulia ni dada mmoja anaitwa Sikujua.

Sikujua alikuja kuchukua cheti cha kuzaliwa cha mwanawe, Sadala, mtoto wa miezi mitatu, hana jino hata moja. Mlinzi akamwambia mtoto haruhusiwi kuingia. Kwa nini? Hana cheti. Lakini cheti si ndicho anachokifuata? Ndiyo, akishakipata karibu sana. Kwa hiyo Sadala akabaki nje kivulini na mkwewe Sikujua, Bibi Semeni, na Sikujua akaingia kwa dakika tano tu.

Hizo dakika tano zimeshapita sana.

Pembeni ya mlango kuna tundu la kupokelea mafaili, kama dirisha la duka la dawa. Sikujua kapiga magoti hapo. Upande wa pili namsikia Bibi Semeni.

"We Sikujua! Mtoto atanitafuna huyu!"

"Mbembeleze, mama."

"Nimembembeleza mpaka nimefika nyimbo za unyagoni! Hataki nyimbo. Anataka ziwa, na mimi langu lilishafunga ofisi zamani."

"Mama jamani, watu wanasikia."

"Wasikie! Wao hawakunyonya?"

Wanawake wakamzungushia Sikujua kanga mbili, sisi wanaume tukaangalia dari kwa uzalendo mkubwa, akakamua maziwa kwenye kifuniko cha chupa ya chai. Akakipitisha tunduni. Bibi Semeni akajaribu kwa kijiko. Tukabana pumzi wote, hata muuza karanga.

"Katema," Bibi Semeni akasema.

"Jaribu tena, mama. Taratibu, pembeni ya mdomo."

"Nimejaribu pembeni, nimejaribu katikati! Anakitazama kijiko kama trafiki anavyotazama leseni. Katema yote, mpaka kwenye gauni langu." Halafu akashusha sauti. "Sikujua mwanangu, hili tundu anapita. Nimempima kwa mkono. Nikupitishie?"

Mlinzi akasimama. "Hana cheti!"

"Kaa chini we kijana kabla sijapita mimi!" Bibi Semeni akafoka.

Sikujua alishaingiza mkono tunduni mpaka kwapani. Nadhani alishika kile kiguu, maana uso wake ulibadilika. Blauzi yake ilikuwa imelowa mbele, maziwa yanajitokea yenyewe.

"Usimpitishe, mama," akasema.

"Ana njaa!"

"Najua ana njaa. Akiingia humu nani atamtoa? Mi mwenyewe niliingia kwa dakika tano."

Hapo hakuna aliyecheka. Kilio cha Sadala kilianza kupungua, na haikuwa kwa sababu ameshiba.

*

Msidhani Serikali ilikaa kimya. Juu ya vichwa vyetu kuna spika, na kwa ajili ya uwazi kikao cha Kamati kinarushwa moja kwa moja. Kamati yenyewe iko humuhumu, kwenye chumba cha mwisho cha korido. Nao wamefungiwa, ila hakuna aliyewaambia, maana hakuna aliyejaribu kutoka. Sambusa hazijaisha.

"Tusiseme mlango umekwama," tulimsikia Dokta Lwitiko. "Neno hilo linatumiwa na maadui."

"Na tusiseme umefungwa," Bi. Nyamizi akasema. "Itaonekana kuna aliyeufunga."

Waliafikiana, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza katika historia: taarifa rasmi itasema mlango uko katika mashauriano. Tukapiga makofi kidogo. Si unajua, ukizoea.

Kisha wakamtuma Injinia Pandu aje auangalie. Alikuja na kompyuta yake kwapani na nishani zinalia kifuani. Akauzunguka mlango kadiri mlango unavyoweza kuzungukwa na mtu aliye upande mmoja.

"Naweza kuubadilisha rangi," akasema.

Ukumbi ukaguna.

"Machungwa, kwa mfano. Ili ijulikane kwamba ni dharura." Akabonyeza bonyeza. Mlango ukawa wa machungwa. Sitadanganya, ulipendeza.

Sikujua akamshika mkono wa shati. "Kaka yangu, ondoa kibao kimoja tu. Chochote. Mtoto wangu hajanyonya tangu asubuhi."

Pandu akaangalia spika, akanong'ona. "Kipi, dada? Nikiondoa cha Dogo, Dokta ananifukuza. Nikiondoa cha Kuu, Bi. Nyamizi ananifukuza."

"Na huo ufunguo wenyewe uko wapi?"

"Upo."

"Wapi?"

Injinia akafungua kompyuta akamwonyesha. Nami nikachungulia. Programu ya kufungua mlango ilikuwa imekaa pale mbele kabisa ya kioo, karibu na picha ya harusi yake. "Tuliitoa kwenye makabati yote mawili ili vibao vipate nafasi," akasema. "Hatujaambiwa tuirudishe wapi."

"Si uirudishe popote!"

"Dada yangu," akasema Injinia, na macho yake yalikuwa na machozi ya kweli, "popote hapana mkurugenzi."

Akafunga kompyuta, akaondoka. Nje, Sadala alikuwa hasikiki tena, na Bibi Semeni alikuwa anamwita jina polepole, kama mtu anayeamsha.

*

Mheshimiwa Ndimbo akaja mwenyewe. Tulisimama, ingawa safari hii hakuna aliyegusa mlango.

"Ndugu wananchi mlioko ndani!" akaanza. "Serikali yenu inawaona. Inawaona kupitia kamera. Wapo wapotoshaji wanaosema mmefungiwa. Hamjafungiwa. Mmehifadhiwa! Ziko nchi, sitaki kuzitaja, milango inafunguka hovyohovyo, mtu yeyote anatoka saa yoyote. Je, hayo ndiyo maendeleo?"

"Siyooo!" tukajibu. Sijui kwa nini. Lilitoka lenyewe.

"Kijito ina makabati mawili. Itaendelea kuwa na makabati mawili. Kamati itakutana tena kesho kulitazama suala hili kwa mapana yake."

"Kesho?" Sikujua akasimama kutoka pale chini. "Mheshimiwa, nina mtoto mchanga hapo nje."

"Hongera sana, mama."

"Hajala, Mheshimiwa. Ameanza kulegea."

Waziri akaweka mkono kifuani. "Mama, mtoto ni taifa la kesho. Ndiyo maana suala lake tutalishughulikia kesho."

Makofi. Na mimi nilianza kupiga, mkono mmoja ukiwa na simu nikawa napiga paja, halafu nikamwona Sikujua uso wake, nikaacha.

Waziri akageuka akashika korido, akipita mlango wa chumba cha Kamati bila kuingia. Sikujua akamfuata. Mi nikamfuata Sikujua, narekodi. Mwisho wa korido, nyuma ya pazia, kulikuwa na mlango wa kijivu. Hauna bendera, hauna picha. Mheshimiwa akatoa kadi mfukoni, akaigusisha.

*Tii.*

Ukafunguka. Hakuna wimbo, hakuna dada mpole. Hewa ya nje ikaingia na harufu ya nyama inayochomwa mahali.

"Mheshimiwa," Sikujua akasema nyuma yake. Waziri akaruka kama mtoto aliyekutwa kwenye sukari. "Huu mlango mbona unafunguka?"

"Huu... huu ni wa majaribio."

"Majaribio ya nini?"

"Haujavishwa. Ni Chemchemi mtupu, kama ulivyotoka kwao. Tunaupima kuona kama unafaa."

"Unafaa?"

"Miaka sita haujakwama hata siku moja," akasema kwa uchungu. "Ndiyo maana tunauchunguza kwa makini."

"Basi nipishe."

"Mama, fikiria vizuri. Mzalendo anaweza kupita kwenye mlango wa kigeni?"

"We si unapita?"

"Mimi napita kwa niaba yenu!"

Akatoka haraka, na mlango ukaanza kurudi. Sikujua akageuka. Chumba cha Kamati kilikuwa wazi, na karibu kabisa kulikuwa na kiti cha Mwenyekiti, kile kikubwa cha ngozi chenye magurudumu, mwenyewe kakiacha kidogo kwenda msalani. Sikujua akakikamata mgongo akakivurumisha, kikaenda kikijizungusha mpaka kikajibana kwenye mlango. *Kraa!* Mlango ukakwama wazi.

"Hicho ni kiti cha Mwenyekiti!" Bi. Nyamizi akapiga kelele.

Sikujua alishakiruka. Nilikimbia mpaka dirisha la ukumbini nikamwona kupitia nondo anazunguka jengo, kiatu kimoja kimebaki njiani. Alimnyakua Sadala mikononi mwa bibi yake, akakaa palepale chini kwenye lami. Kwanza hakuna kitu. Mtoto kichwa kimelala upande. Akamfuta mdomo, akamgusisha, akamgusisha tena. Halafu kile kimkono kikakunjika kikashika blauzi.

"Haaaya!" Bibi Semeni akawafunika wote wawili kwa kanga. "Nyonya, mume wangu. Nyonya, bwana mkubwa. Washenzi hao walitaka kuniulia mchumba."

Ukumbini tulishangilia, watu wakakumbatiana, mlinzi akalia. Mlango wa korido ulikuwa wazi kabisa, upepo unaingia. Tukakimbilia huko wote.

*

Tukamkuta Dokta Lwitiko amesimama mbele ya kile kiti, mikono ameitanua.

"Mtapita kwenye mlango wa Chemchemi?" akauliza kwa huzuni. "Kweli nyie? Mbele ya watoto wenu?"

Tukasimama. Hatukuwa tumeufikiria upande huo.

"Mimi naunga mkono kutoka," Bi. Nyamizi akasema. "Lakini si hivihivi! Uvishwe kwanza, ndipo tutoke."

"Tutoke kwanza, tuuvishe tukiwa nje," akasema mama wa mkoba mwekundu.

"Ukishatoka utarudi kuuvisha, wewe?" muuza karanga akamuuliza. "Wewe uliyetufungia?"

Basi pakawa na watu wa Kwanza Tutoke na watu wa Kwanza Tuuvishe, na Injinia Pandu akaenda kuleta kijani. Nje Sikujua alisimama, mtoto begani, akaita kwa sauti: "Jamani, mlango uko wazi! Tokeni!"

"Dada, usivuruge kikao!" mlinzi akamjibu.

Mi ningeshatoka, niamini. Lakini nilikuwa nimeshaandikisha jina nichangie, na nilikuwa na hoja nzuri.

Ndipo Mwenyekiti akarudi kutoka msalani, akauliza kuna nini, akaelezwa. Akasema vizuri sana, ni mjadala wa kihistoria, lakini kikao hakiwezi kufunguliwa kisheria Mwenyekiti akiwa amesimama. Akaangalia kushoto, akaangalia kulia. Kiti chake kiko wapi?

Tukamletea mpaka chumbani. Kilikuwa kizito, tulikibeba watu wanne kwa heshima zote, mi nikashika mguu wa nyuma. Mlango ukajirudisha nyuma yetu taratibu.

*Tii.*

Mwenyekiti akakaa, akajiweka sawa, akagonga meza. Nikachungulia dirishani. Sikujua alikuwa anatutazama kupitia nondo, Sadala kalala fofofo. Alimtazama Bibi Semeni, Bibi Semeni akamshika kiwiko, wakaondoka.

"Ajenda ya kwanza," Mwenyekiti akasema. "Je, tutoke?"

Tukajadiliana vizuri sana, bila matusi. Hata Dokta Lwitiko mwishoni alilegea. Hoja ya kutoka imepita kwa kauli moja, na mi nimepiga makofi kwa mikono yote miwili, simu nimeibana kwapani.